Mkanda Mweusi wa Mratibu

Siku ya soko kubwa la Kamembe, mwaka 2001, wakazi wa mkoa wa Cyangugu walitangaziwa ushindi ambao hakuna mkoa mwingine duniani uliokuwa umewahi hata kuuota: kuanzia siku hiyo, kupigana kungelipiwa kwa haki.

Tangazo lilisomwa kwa kipaza sauti kilichoazimwa kanisani. Aliyelisoma ni Bwana Munyaneza Valens, Mratibu wa Mkoa wa Michezo ya Kujihami kwa Mikono Mitupu, akiwa amesimama juu ya kreti la bia ili cheo chake kionekane vizuri. Wauza ndizi walinyamaza. Mbuzi mmoja hakunyamaza, lakini naye baadaye alihusika.

“Mwenye mkanda mweupe,” alisoma Munyaneza, “kwa kuwa bado hajui kitu, halipi kitu. Mwenye mkanda wa manjano atalipa kila mwezi thamani ya kuku. Wa kijani, thamani ya jogoo. Wa kahawia, sungura wawili walionona. Mwenye mkanda mweusi atalipa thamani ya mbuzi, na kwa kila dan, yaani kila ngazi ya mkanda huo atakayopanda, mbuzi mwingine. Sababu ni moja tu: mwenye nguvu alipe kuliko mnyonge.”

Watu walipiga makofi. Ilikuwa miaka ya kupiga makofi kwanza na kuuliza baadaye.

Ni lazima tuwe wakweli kuhusu ofisi hiyo. Baada ya vita kila kitu kilikuwa kinajengwa upya: madaraja, shule, zahanati, na kamati. Kamati ndizo zilizokamilika mapema, kwa sababu hazihitaji simenti. Ya Munyaneza ilijengwa kwa meza moja, muhuri mmoja na kiti chenye magurudumu ambacho gurudumu lake moja lilipotelea Burundi, Mungu anajua kwa safari gani. Munyaneza alikipenda kiti kile kwa moyo wake wote. Alikikalia hata Jumapili.

Sasa kiti kile kilikuwa hatarini. Kigali walikuwa wameleta habari kwamba mwisho wa mwezi atakuja mkaguzi, na ofisi yoyote isiyoingiza mapato itafungwa, mratibu wake arudishwe “kwenye uzalishaji.” Kwa upande wa Munyaneza, uzalishaji maana yake ilikuwa shamba la mihogo la mama mkwe wake, Bibi Mukagatare, kwenye mteremko wa Mururu. Mama huyo alishanunua jembe jipya. Hakusema ni la nani. Aliliegemeza tu ukutani, karibu na mahali ambapo mkwe huwa anakaa akija kusalimia.

Ndiyo maana Munyaneza alihitaji watu wanaopigana, na mkoa mzima ulikuwa na klabu moja tu ya namna hiyo, klabu ya judo ya mwalimu aliyeitwa Maître Birindwa.

Birindwa alikuwa Mshi, mtu wa kabila la Washi wa Bukavu. Vita vya pili vilipoanza ng'ambo, Kongo, alivuka mto na kimono chake kimeviringishwa kwapani, akaomba ghala la zamani la kahawa karibu na barabara ya uwanja wa ndege. Mikeka ya kuangukia aliishona kwa magunia, akayajaza pumba za mpunga kutoka Bugarama, kwa hiyo kila mtu aliyeangushwa alitoa vumbi na harufu ya wali. Ada yake ilikuwa chochote ulicho nacho. Wakulima wa Bugarama walileta mchele. Jean Paul, fundi wa kiwanda cha simenti, alileta mikono yake akaziba nyufa za ukuta. Wanawake wa biashara ya mpakani walileta sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wakavu, na ghala likanuka ziwa.

Miongoni mwao alikuwa Véronique, mama wa Bukavu aliyevuka daraja la Rusizi II karibu kila siku na beseni kichwani. Aliingia judo baada ya kuporwa unga njiani. Aliporwa tena akiwa mkanda wa manjano, kwa sababu elimu huchelewa. Alipojaribiwa mara nyingine alikuwa na mkanda wa kahawia, na mwizi yule alitolewa mtaroni na jamaa zake akiuliza kama gari lililomgonga lilisimama. Tangu hapo njia ile ilikuwa salama kwa mama wote waliotembea na Véronique. Jambo hilo serikali ilikuwa haijalitangaza, lakini lilikuwa kweli.

Jioni ya tangazo, Birindwa alifika ofisini na kofia mkononi.

“Mukubwa,” alisema, “batu bangu ni ba maskini. Ule Véronique iko na batoto. Akilipaka sungura kila mwezi, batoto batakula nini?”

“Maître, usichanganye umaskini na nguvu,” Munyaneza alimjibu kwa Kiswahili chake cha ofisi, alichokipata Bukoba na kukitunza kama suti. “Serikali haikumwambia mama huyo awe na nguvu.”

“Alitafuta nguvu juu ya bale balikuwa banamuibia.”

“Angeleta malalamiko. Malalamiko hayana ada.”

“Alileta, mukubwa. Hapa hapa. Mulimwambia muhuri iko Kigali.”

“Na ulikuwa Kigali,” alisema Munyaneza, kwa masikitiko ya kweli, kwani wiki ile hata yeye alikuwa ameteseka.

Birindwa alitazama gurudumu lisilokuwepo. Kisha akauliza, kwa adabu, kama mtu wa mkanda mweupe halipi kabisa kabisa. Munyaneza akasema kabisa kabisa, maana hajui kitu. Birindwa akashukuru, akavaa kofia, akaenda zake.

Kesho yake Munyaneza alikwenda ghalani kukagua mapato. Alipofungua mlango alidhani ameingia kwenye komunyo ya kwanza. Kuanzia mlangoni hadi ukutani, kila kiuno kilikuwa na mkanda mweupe.

Alimwona Jean Paul, ambaye mkoa mzima ulimjua kwa mkanda wake mweusi.

“Jean Paul, wewe si mkanda mweusi?”

“Nilikuwaka, Chef. Nimesahau yote.”

“Judo haisahauliki!”

“Ni vumbi ya simenti. Inaingiaka mu kichwa.”

“Na wewe, Maître?” Munyaneza alimgeukia Birindwa, ambaye naye alikuwa mweupe kama sahani. “Wewe ni mwalimu!”

“Naanza upya, mukubwa. Niko najifunza.”

“Nani anakufundisha?”

“Hawa bote. Na bo hawajue kitu. Tunasaidiana.”

Véronique alikuwa pembeni, macho mekundu. Huyo hakuwa na mzaha siku ile. Mkanda wa kahawia aliupata kwa miaka ya kuanguka kwenye pumba na kuinuka, mabega yakiuma, beseni likimsubiri asubuhi. Ndicho kitu pekee alichowahi kupewa bila kukibeba kichwani. Alikuwa ameukunja polepole, akaufunga kwenye kipande cha kitenge, akalia mbele ya watu wote bila aibu. Iliuma, na hakuna ibara iliyoandikwa kwa ajili ya maumivu ya namna hiyo.

Munyaneza aliona machozi hayo na akayaelewa upesi: yalikuwa dalili ya udanganyifu. Papo hapo akaunda Kamati ya Kuthibitisha Nguvu, akajiteua mwenyekiti, akaagiza kila mwanachama apigane hadharani. Atakayemwangusha mwenzake atapewa mkanda unaomstahili, na ada yake.

Zoezi lilifanyika Jumamosi, milango wazi, watu wamejaa hadi kwenye madirisha. Wa kwanza walikuwa Véronique na Uwingabire, msichana muuza mandazi aliyejiunga juzi na ambaye hata beseni lake mwenyewe lilimshinda. Waliinamiana. Uwingabire alinyoosha mkono kujikuna. Véronique akaruka juu, akajipindua hewani kwa ufundi ambao ulimfanya Birindwa afumbe macho kwa uchungu na fahari, akatua kwa mgongo.

“Aïe,” alisema Véronique.

“Samahani sana, maman,” alisema Uwingabire, ambaye kwa hofu ya kuwa mshindi alijitupa chini naye.

Jean Paul aliletwa kupambana na mzee mmoja wa Bugarama, mkulima wa mpunga, Mwislamu mpole mwenye kikohozi. Mzee alikohoa. Jean Paul alianguka upande wa kushoto, akaona haitoshi, akainuka akaanguka na kulia. Mzee aliogopa, akakaa chini taratibu na kutangaza kwamba amepigwa. Hadi saa ya kula, klabu nzima ilikuwa imelala sakafuni, vumbi la pumba limejaa hewani, na hakuna aliyekuwa amemshinda mwenziwe.

Mwenyekiti wa kamati alilazimika kukiri kwamba mkoa hauna nguvu.

Mtu mwingine angekata tamaa. Munyaneza aliongeza ibara. Usiku hakulala, na alfajiri alikuwa na maandishi yaliyomfurahisha mno. Kwanza, mkanda wowote uliofungwa mbele ya Ofisi hauvuliwi tena, isipokuwa mwenye mkanda aangushwe hadharani na mwenye mkanda wa chini, na hapo aliyeangusha ataurithi mkanda pamoja na ada yake. Pili, hakuna msamaha wa cheo, wa heshima wala wa undugu. Hii ya pili aliiweka kwa ajili ya Birindwa. Aliona mbali: walimu wana tabia ya kudai heshima.

Kilichobaki ni kumpata mtu wa kufungwa mkanda. Mkaguzi alikuwa anakaribia. Ofisi ya mapigano isiyo na hata mkanda mweusi mmoja wa kuonyesha ni aibu, kama baa isiyo na kreti. Munyaneza alizunguka ofisini akisukuma kiti chake, akawaza, akakosa jina.

Ndipo Birindwa aliporudi na ujumbe wa klabu.

“Mukubwa, kila club iko na parrain wake. Ya mupira iko naye, ya chorale ya kanisa iko naye. Sisi hatuna. Tunaomba wewe. Na parrain tunamufungaka mukanda mweusi.”

Sasa, katika mji ule hakuna sherehe isiyo na parrain, mlezi wake wa heshima. Huwezi kufungua hata banda la kinyozi bila mheshimiwa wa kukata utepe, kupewa kiti cha mbele na soda ya kwanza. Munyaneza alikuwa amewaona waratibu wenzake wakiwa maparrain wa hiki na kile. Yeye hakuwahi kuombwa. Machozi yalimkaribia, kwa sababu chini ya muhuri alikuwa mtu kama mtu mwingine.

“Mkanda mweusi wa dan ya ngapi?” aliuliza, akijifanya anatafuta kalamu.

“Tulikuwa tunawaza ya kwanza.”

“Ya kwanza anayo nani?”

“Ata Jean Paul alikuwa nayo, mbele ya kusahau.”

“Basi Mratibu wa Mkoa hawezi kulingana na fundi wa simenti. Ya mwisho ni ipi?”

“Ya kumi. Lakini, mukubwa, ile wanapewaka bazee ba Japon, na bo mbele ya kufa.”

“Andaeni ya kumi,” alisema Munyaneza. “Mimi nitaipokea nikiwa hai.”

Birindwa, kwa haki, alimkumbusha zile ibara. Alisema hivi: “Mukubwa, umezisoma vizuri?” Munyaneza alimjibu kwamba hajazisoma, ameziandika.

Sherehe ilifana. Kulikuwa na bia ya Primus, Fanta, sambaza wa kukaanga na hotuba. Véronique ndiye aliyechaguliwa kumfunga mkanda, na aliukaza hadi mheshimiwa akapumua kwa mapafu ya juu tu. Mke wake, Uwamahoro, alipiga vigelegele. Munyaneza alivaa mkanda ule kazini, juu ya koti. Alikwenda nao kanisani. Wanaosema alilala nao hawana ushahidi, ingawa mke wake anao.

Mkaguzi alifika kama ilivyosemwa. Aliitwa Madamu Mukamusoni, mwanamke mfupi, mkavu, aliyesafiri na chai yake mwenyewe ili asidaiwe fadhila na mtu. Alikutana na wote ghalani, klabu imejipanga ukutani, mikanda myeupe imeng'aa. Alisoma kanuni kuanzia mwanzo hadi mwisho, midomo ikicheza.

“Kanuni nzuri,” alisema. “Aliiandika nani?”

“Mimi, Madamu.”

“Peke yako?”

“Peke yangu, Madamu. Sikusaidiwa na mtu.”

“Vizuri. Na mapato yako wapi? Nyote hapa mna mikanda myeupe?”

“Bote, Madamu,” waliitikia ukutani.

“Yaani hakuna anayelipa.”

Munyaneza aliona wakati wake umefika. Alipiga hatua mbele, akafungua koti.

“Madamu, mkoa una mkanda mweusi! Dan ya kumi! Wa pekee katika nchi!”

Madamu Mukamusoni alivaa miwani. Alimzunguka Mratibu, akakagua fundo. Akauliza kama mkanda ulifungwa mbele ya Ofisi. Munyaneza akasema Ofisi yenyewe ndiyo ilikuwa ndani ya mkanda. Akauliza kama kuna msamaha wa heshima. Munyaneza alianza kujibu, akasita, na watu wa karibu wanasema uso wake ulifanana na wa mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

“Hakuna,” Madamu alijisomea mwenyewe. “Wa cheo, wa heshima wala wa undugu. Mwezi hadi mwezi. Mbuzi wa mkanda, na mbuzi kwa kila dan.” Akapiga hesabu kwa vidole, akavimaliza, akaanza upya. “Mshahara wako hautoshi sana, lakini karibu. Tutakata kule kule Kigali, usipate shida ya kulipa mwenyewe.”

“Madamu...”

“Hongera sana, Bwana Munyaneza. Hii ndiyo ofisi ya kwanza niliyoiona inayojilisha yenyewe. Serikali inakulipa, wewe unailipa serikali. Haifungwi ng'o! Nitaipendekeza iwe mfano.”

Makofi yalipigwa hadi pumba zikatoka kwenye mishono. Munyaneza alisubiri yaishe, akauliza kwa sauti ndogo kama kanuni inaweza kufutwa.

“Inaweza. Wewe ndiye mwenye uwezo. Ukiifuta hakuna mapato, na pasipo mapato hakuna ofisi. Unataka kuifuta?”

Munyaneza aliuona mteremko wa Mururu, mihogo yake na jua lake. Akasema hataki.

“Basi njia ni moja. Uangushwe na mwenye mkanda wa chini.” Madamu aliwageukia wa ukutani. “Nani anajitolea kumwangusha Mratibu?”

Katika siku za kawaida, swali hilo lingesababisha foleni hadi uwanja wa ndege. Siku ile ukuta mzima ulitazama miguu yake. Munyaneza alimkimbilia Jean Paul na kumshika kola. Jean Paul alianguka. Alimshika mzee wa Bugarama, mzee akalala na kuomba maji. Uwingabire hakungoja kushikwa. Kwa muda mfupi tu, Mratibu alikuwa ameishinda klabu nzima, akihema, machozi yakimtiririka, na Madamu Mukamusoni akimimina chai yake kwenye kikombe, alisema sasa anaelewa kwa nini alipewa dan zote hizo.

Hivyo ndivyo mambo yalivyotulia. Kwa kuwa mapato ya mkoa yalitimia, hakuna aliyekagua tena mikanda myeupe, na watu wa klabu walijifunza bule, kama wanavyosema wenyewe. Ukipita karibu na ghala ulisikia miili ikitua kwa kishindo na Birindwa akifoka kwamba mguu uende ndani zaidi. Kichwa cha Mratibu kikitokeza tu mlangoni, wote walilala chini.

Nyumbani, Uwamahoro alianza kuuza mkaa. “Yewe Valens,” alimwambia mumewe siku moja akinawa mikono myeusi, “unaendaka ku kazi juu ya kulipa kazi?” Munyaneza alianza kumweleza dhana ya ofisi inayojitegemea, lakini njaa ilimkatiza.

Siku chache kabla ya mshahara mwingine usiofika, alfajiri, alishuka barabara ya Rusizi II na kujibanza kando ya njia. Mama wa biashara walikuwa wanateremka kuelekea darajani kwa msururu, mabeseni kichwani, Véronique mbele. Munyaneza alitoka akamzuia. Mkanda mweusi ulikuwa bado kiunoni, sasa ukizunguka karibu mara mbili. Kiswahili cha Bukoba kilikuwa kimemwishia.

“Maman Véro, nakuomba. Uniangushe. Mara moja tu, batu bakiona.”

Tuseme ukweli, Véronique alimhurumia. Aliijua njaa, aliijua kwa sura na kwa sauti. Mikono yake ilijua vizuri pa kumshika, na ilikuwa ikiwasha.

“Papa Mratibu, nikikuangusha, mukanda unakuya kwangu. Niko na batoto.”

“Nitakulipia mimi! Kila mwezi!”

“Na franga gani, papa?”

Munyaneza alimrukia akamshika mkono wa blauzi kwa mikono yote miwili, akavuta, akasukuma, akiomba Mungu mama yule akasirike.

Véronique hakukasirika. Aliuondoa mkono wake taratibu, akashusha beseni, akaliweka pembeni mahali pasipo na tope. Akafungua kitenge chake cha juu, akakitandika barabarani, akakinyoosha pembe. Kisha akajilaza chali, akaweka mikono kifuani.

“Aïe,” alisema. “Una nguvu mingi, papa.”

Mama waliomfuata waliona sheria inatekelezwa. Wakashusha mabeseni, wakatandika, wakalala, mmoja baada ya mwingine, hadi kwenye kona ya barabara na zaidi. Lori lililobeba mchele wa Bugarama lilisimama likapiga honi. Dereva alitoa kichwa akauliza kuna nini.

“Ni Mratibu,” mama mmoja alimjibu kutoka chini. “Ametushinda tena.”

Munyaneza alibaki amesimama peke yake katikati ya barabara, bingwa wa mkoa mzima, na mwisho wa mwezi ulikuwa keshokutwa.